Siku ya Kuuza Nyumba ya Ndikuriyo

Ukiwa mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na unataka kujua kama vita vinakaribia au vinakwenda mbali, usihangaike na redio. Uliza nyumba zinakwenda bei gani. Mashirika ya misaada yalipojaa mjini na magari yao meupe yakazibiana njia pale sokoni, hata kibanda cha matope kilipata mteja, na mwenye kibanda akaanza kutembea kifua mbele. Mashirika yakifunga ofisi na kupakia viti, bei inalala chini. Mji wa Uvira, kaskazini yetu, ukichafuka, bei haipo kabisa. Yupo tu jamaa mmoja anayekuambia chukua hiki kidogo au uache, naye mwenyewe anatafuta boti ya kukimbilia. Halafu wakubwa wanatia sahihi amani huko mbali walikokwenda na ndege, na wiki hiyohiyo kila mwenye nyumba anameza maneno yake: hapana, ngojeni kwanza.

Basi katikati ya panda-shuka hiyo alikwama Mama Cassilde, muuza unga wa muhogo, binti mkubwa wa marehemu mzee Ndikuriyo. Nyumba ilikuwa ya urithi, yake na wadogo zake wawili. Tangu baba azikwe alikuwa anataka kuiuza, na kila alipotaka, siku haikuwa yenyewe.

Mzee Ndikuriyo aliingia huku kwetu Fizi mwaka sabini na mbili, kijana, akitoka Burundi mbio na shati lililokuwa mwilini. Alilima mashamba ya watu, akafyatua matofali ya watu, mpaka siku moja akafyatua ya kwake. Nyumba aliyoijenga si ya kuchekwa: matofali ya kuchoma, mabati, vyumba vinne na ukumbi, na chumba kimoja cha nyuma kilichojitenga, kwenye avenyu ya juu, mtaa ambako ziwa halikufika hata mwaka ule lilipomeza nyumba za chini. Cassilde ndiye wa kwanza. Akafuata Gordien, na huyo vita vya miaka ya tisini vilimvusha ziwa hadi kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Akaoa huko, akazaa huko, akakwama huko. Alida, wa mwisho, aliolewa Lweba. Baba alikimbia kuja, mwana akakimbia kutoka. Familia nyingine hukutana kwenye harusi, hii ilikuwa inakutana kwenye simu.

Kazi ya nyumba ikamwangukia Cassilde. Mume wake alikufa mapema, akarudi kwa baba, na baba naye akapooza upande mmoja. Ikawa ni kumgeuza, kumwosha, kumlisha sombe ya majani ya muhogo kwa kijiko, na asubuhi kuwahi sokoni na unga. Mzee alipofariki watu walimwambia, sasa utapumzika. Wapi. Nyumba kubwa ya mjini haikosi wageni. Milima ikiwaka moto, ndugu wa jirani na jirani wa ndugu wanateremka na magodoro kichwani, wanalala hadi ukumbini, na huwezi kumfukuza mtu anayekimbia risasi, hasa wewe ambaye baba yako aliingia hapa vilevile. Sufuria la watu wote alilipika yeye. Bati likivuja, ni yeye. Choo kikijaa, ni yeye. Magoti yakaanza kumlalamikia kila akiinama. Kuna siku alikaa chooni muda mrefu kuliko haja yake, kwa sababu ndipo mahali pekee palipokuwa na mlango wa kujifungia, mpaka mtu akaja kugonga.

Hiyo ndiyo sababu ya kutaka kuuza, na hakuificha kwa mtu. Kule Mboko, kwenye barabara ya Uvira, rafiki yake Marthe anayemuuzia mihogo alikuwa na kipande cha parseli, kiwanja cha kujenga, upande wa mlimani, na shamba nyuma yake. Cassilde alitaka sehemu yake ya pesa ya nyumba iende pale: chumba kimoja, jiko la nje, na mlango atakaoufunga yeye mwenyewe kwa ndani. Basi, si zaidi.

"Sitaki ukumbi," alikuwa anamwambia Marthe. "Ukumbi inaleta bantu."

Marthe alicheka mpaka akashika mbavu, lakini kipande hakukiuza. Alimwekea.

Kikwazo alikuwa Gordien. Alida hakuwa na neno. Yeye kila kitu ndiyo, mradi asikose gari la kurudi Lweba. Lakini Gordien, kila simu, alikuwa na wimbo mmoja. Kulitokea bwana mmoja wa shirika, suruali imepigwa pasi hadi inakata, akapima vyumba kwa hatua zake, akasema anataka kununua, si kupanga. Cassilde akampigia ndugu yake papo hapo.

"Kama huyo anatoa hivyo, mwingine atapita hapo," Gordien akasema. "Bei bado itapanda. Tungoje kidogo, yaya." Kwetu dada mkubwa ndiye yaya.

Wakangoja. Shirika likafunga, bwana akaenda zake na suruali yake. Kisha ziwa likapanda, watu wa chini wakakimbilia juu, nyumba za avenyu ya juu zikagombaniwa mchana kweupe. Cassilde akapiga tena. "Unaona sasa," Gordien akasema, "ndio inaanza. Ngoja, yaya." Maji yakashuka, wateja wakashuka nayo. Kisha vita vikateremka kwa barabara ya kaskazini, na hapo hakuna aliyeuliza nyumba ya mtu. Watu waliuliza boti.

Mimi sitaki kumwonea Gordien. Mwanamume aliyezeekea kambini ana haki ya kuota bei nzuri. Ila yeye alikuwa anangoja akiwa mbali, na mwenzake anangoja huku anazibua choo, na hayo si mangojeo ya aina moja. Cassilde alianza kumchukia ndugu yake. Alijua kwamba anamchukia, akajaribu kuacha, akashindwa, na jambo hilo likamchosha kupita kazi zote za nyumba.

Na lilikuwepo kosa lake mwenyewe, tena limeandikwa ukutani watu wote wakisoma.

Kwetu marehemu akiacha nyumba, wanatokea ndugu ambao hata mama yake hakuwajua. Matanga yalipokwisha tu, Cassilde akiwa ameenda Lweba kwa Alida, akajitokeza mtu anayejiita mtoto wa baba mdogo. Wakati mzee anageuzwa kitandani hakuna aliyemwona, lakini sasa alikuwa anaingiza wateja ndani na kuwaonyesha vyumba. Dawa ya mambo hayo kila mtu anaijua: unaandika ukutani NYUMBA HII HAIUZISHWE, yaani haiuzwi, kwa herufi kubwa, ili hata mjinga anayetaka kuibiwa asome kwanza. Wengine huandika kwa makaa, wengine kwa chokaa, na misimu miwili ya mvua ikipita, mambo yamekwisha. Cassilde alirudi na hasira zake, akapita ufukoni wanapotengeneza mitumbwi, akaomba kopo la ile lami ya moto wanayozibia mbao zisivuje. Akaandika kwa lami. Herufi zilikuwa na urefu wa mtoto wa shule.

"Mama, hii haitoki," fundi wa mitumbwi alimwonya.

"Ndiyo ninayotaka," akajibu.

Alikosea hapo, na alikuja kukiri. Siku ya kwanza aliyoamua kuuza alipiga chokaa ukuta mzima, ukameta, akarudi nyuma kuutazama na kufurahi. Jua la saa sita likapiga, lami ikayeyuka kidogo chini ya chokaa, na herufi zikarudi moja moja, rangi ya chai. Akapiga ya pili. Zikarudi. Akachukua panga akakwangua, na panga likala ngozi ya tofali, maneno yakabaki yamechimbwa kama kwenye jiwe la kaburi. Wateja wakawa wanafika hadi mlangoni, wanasoma, wanatazama alama za panga, wanatazamana.

"Hapa kuna mambo ya ndani," wanasema, na kushika njia.

Ungewalaumu? Mtu aliyeandika haiuzishwe halafu akajaribu kufuta, mjini Baraka anamaanisha jambo moja tu: familia imepigana na haijamaliza. Cassilde alieleza hadi mate yakamkauka. Waliobaki kusikiliza walikuwa wale wanaotaka kununua nyumba yenye kesi kwa bei ya kesi.

Ndipo akaja Norbert. Huyu ni muuguzi wa kituo cha afya, mtu mpole ambaye mji mzima humwita muganga, na alikuwa amechoka kupanga. Alikuja majira ya kiangazi, wakati kulikuwa na tetesi za amani nyingine, wengine wakiamini na wengine wakifunga mizigo, kwa hiyo bei aliyotaja haikuwa ya kucheka wala ya kulia. Alisimama mbele ya ukuta, akasoma, akapitisha kidole kwenye herufi.

"Mama Cassilde, lami si kitu. Nitapiga simenti juu yake," alisema. "Shida yangu ni mudogo yako wa ngambo. Leo nanunua, kesho anavuka, anasema dada yangu aliuzisha bila mi kujua. Na ukuta unamupatia ushahidi. Ni wewe uliandika."

Cassilde alikwangua herufi moja kwa ukucha.

"Akuye, avuke," Norbert akaendelea. "Asimame mbele ya shefu wa avenyu na majirani, aseme na kinywa yake. Lakini mvua isianze. Iko nyumba ingine naangalia."

Wiki hiyohiyo Marthe alimtumia neno kutoka Mboko kwamba kuna mfanyabiashara anakitaka kile kipande, na yeye Marthe ana mtoto wa kumwozesha, hawezi kuzuia zaidi ya mvua za kwanza. Alisema kwa upole, akaomba msamaha, lakini alisema. Basi Cassilde akajua kwamba mambo yake yote mawili yamefungwa kwenye wingu moja.

Alimpigia Gordien akiwa amekaa juu ya gunia la unga, soko likimalizika.

"Gordien, leo sikupigii juu ya bei. Nakuita ukuye."

Huko ng'ambo mtoto alikohoa, mwingine akalia. Gordien akawatuliza kwanza.

"Yaya, bantu wanasema hii amani ingine ni ya kweli. Tungengoja kidogo tu, tuone…"

"Nimechoka." Hakupaza sauti, hata nguvu ya kupaza hakuwa nayo. "Nimechoka, Gordien. Magoti yangu imechoka, kichwa imechoka, hata kukuchukia nimechoka. Ukuye useme ndiyo, ao ukuye useme hapana. Lakini usiniambie tena ngoja."

Upande wa pili mtoto akakohoa tena.

"Nitakuya," Gordien akasema.

Alikuja. Cassilde alikuwa ameshuka bandarini kumpokea, akakaa huko asubuhi nzima bure, kumbe mwenzake amefika na pikipiki kutoka upande wa Mboko, mwekundu kwa vumbi, begi dogo mgongoni. Boti ilishushia huko, alieleza. Kijana aliyevuka ziwa alikuwa amerudi mzee. Koti lilikuwa la mtu mwingine, mabega yake yalipotea humo ndani. Walikumbatiana mlangoni, na yale maneno makali aliyokuwa ameyapanga tangu bandarini, Cassilde hakuyakumbuka hata moja. Alimpikia bukari, ugali wa muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani. Gordien alikula polepole, akafuta sahani kwa kidole hadi ikang'aa.

Alimpeleka kaburini kwa baba. Gordien alichuchumaa, akajifunika uso na kofia yake, akakaa hivyo hadi miguu ya Cassilde ikafa ganzi kwa kusimama. Hakumharakisha. Mtu ambaye hakumzika baba yake ana madeni yake pale.

Lakini waliporudi nyumbani akaanza kumkera. Alizunguka nyumba yote, anagonga kuta, anatazama paa. Bawaba ya mlango wa nyuma iliyolegea aliikaza kwa kisu. Akaingia chumba cha nyuma, akakaa humo, akatoka na maswali.

"Hii chumba inavuja?"

"Haivuji."

"Na masomo ya batoto, iko mbali na hapa?"

"Wanunuzi hawaulize masomo, Gordien."

"Nauliza tu."

Cassilde akauma meno. Alimwona anahesabu kichwani: haivuji, shule iko karibu, bei ipande. Akawaza: huyu amevuka ziwa zima kuja kuniambia ngoja uso kwa uso. Jioni, wakati wa chakula, Alida naye ameshafika kutoka Lweba, Gordien aliweka tonge chini.

"Yaya, na kama…"

Cassilde alikuwa amenyoosha miguu, anajikanda magoti kwa mafuta ya mawese. Akainua uso. Gordien alimtazama yeye, akatazama magoti, yale mafundo yaliyovimba, na mikono yenye nyufa za unga.

"Kama nini?" Cassilde akauliza, na sauti yake ilikuwa tayari kwa vita.

"Hapana. Nilitaka kuomba chumvi."

Alida akampa chumvi. Mazungumzo yakawa ya watoto wa Alida.

Kesho yake walikusanyika mbele ya nyumba, mabenchi ya kanisa yameazimwa, majirani wamejaa, maana kuuza nyumba mbele za watu ni kama harusi bila bibi harusi. Shefu wa avenyu alivaa shati jeupe. Norbert alikaa pembeni na bahasha yake juu ya mapaja, mikono miwili juu ya bahasha. Shefu alieleza kwa kirefu kwamba yeye hataki kusikia kesho mtu analia, na kwamba kila mrithi atasema mwenyewe, kwa sauti, ili hata wale walio nyuma wasikie. Akaanza na mdogo.

"Alida, nyumba ya baba yako iuzishwe?"

"Ndiyo, papa shefu." Alikuwa keshatazama kivuli cha jua kujua gari la Lweba limefika wapi.

"Gordien?"

Gordien alisimama. Akashika vifungo vya lile koti, akaviachia. Watu waligeuka. Mama mmoja aliyekuwa anamnyonyesha mtoto akaacha kumpapasa. Cassilde akajiambia: huyu atasema neno lile, mbele ya watu wote, mbele ya muganga, na mvua itanyesha, na Marthe atauza, na mimi nitakufa katika ukumbi ule nikipikia watu. Aliinamisha kichwa asimwone wakati anasema.

"Nakubali," Gordien akasema. "Iuzishwe."

"Rudia, wa nyuma wasikie."

"Nakubali. Iuzishwe. Yaya wangu amefanya kazi ya kutosha."

Cassilde alisema ndiyo yake kwa sauti ndogo hata shefu akamrudisha mara mbili. Wakatia vidole, wakatia sahihi, majirani wawili wakashuhudia. Norbert akatoa kreti za soda na bia za wazee, ndivyo mnunuzi anavyofanya. Watu wakaanza kucheka. Mtu akamwambia Cassilde kwamba uso wake umerudi wa msichana. Na kweli alijisikia mwepesi, hata akainuka bila kushika ukuta. Alikusanya glasi zilizomalizika, akaenda nazo nyuma ya nyumba kuzisuuza kwenye beseni, kwa sababu hata siku ya kupumzika mikono haijui kukaa.

Akiwa huko, akamsikia Gordien upande wa pili wa kona. Alikuwa amemvuta muganga pembeni.

"Muganga, samahani. Hii chumba ya nyuma, utaitia mupangaji?"

"Sijawaza bado," Norbert akajibu. "Ni mupangaji gani?"

"Ni mi. Mi na bibi yangu na batoto. Tulivuka wote, niliwaacha Mboko, kwa kanisa. Nitakulipa kila mwezi. Matofali najua kufyatua, baba alinifundisha."

Cassilde aliweka glasi chini taratibu. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akazunguka kona. Gordien alipomwona alitazama chini.

"Mulikuya wote?"

"Kule kambini chakula walipunguza, wakapunguza tena. Tangu baba anakufa mi najua tutarudi tu. Sikujua siku."

"Na ulikuwa unaniambia bei."

"Bei ilikuwa mwepesi kusema." Koti lilimning'inia. "Wewe ulimuosha baba. Mi hata kumuzika sikukuya. Ningekuambia nini, yaya? Niachie nyumba?"

Cassilde alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumshika kichwa kama alipokuwa mdogo, na hakufanya lolote. Miaka yote ile alimchukia mtu mwenye tamaa ya pesa, na mtu huyo hakuwepo. Aliyekuwepo ni huyu, ambaye dakika chache zilizopita alisema nakubali mbele ya avenyu nzima huku watoto wake wamelala juu ya mikeka ya watu. Laiti angelisema neno moja tu kwenye simu. Alimwonea huruma hadi ikamuuma, na bado hasira haikuondoka. Vilikaa pamoja kifuani.

Norbert alikohoa.

"Mama Cassilde, wino haijakauka," akasema. "Kama munataka nirudishe karatasi, mi nitaenda kwa ile nyumba ingine. Sitakasirika."

Na alimaanisha, unaona uso wa mtu. Hapo ndipo Cassilde alipochoka kupita siku zote. Akisema rudisha, Gordien anapata paa la baba yao, na yeye anarudi kwenye sufuria, sasa na watoto wa ndugu yake juu ya wageni wa milimani, hadi siku atakayobebwa. Akisema basi, anapata chumba chake Mboko, na mtoto wa Ndikuriyo anakuwa mpangaji kwenye matofali ya Ndikuriyo. Alitamani mtu mwingine amjibie. Alida alikuwa barabarani tayari, anapungia gari mkono.

"Imeuzishwa," akasema. "Iko muzuri hivyo."

Gordien akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyeambiwa mgao wa chakula kambini umekwisha na anaujua mgao.

"Lakini haupangi hapa," Cassilde akaendelea. "Siwezi kupita na unga kichwani nione mudogo yangu analipa ndani ya nyumba ya baba. Pesa yako na ya mi tutaunganisha kwa Mboko. Tutajenga moja."

"Kule ulisema chumba moja, yaya. Ya wewe."

"Nilisema." Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. "Batoto ni wangapi?"

"Sita. Na mama ya bibi yangu, amezeeka."

Machozi yakamtoka hapohapo, hakujificha, hakujifuta. Norbert akageuka akaenda mbele kwa watu, akijifanya ameitwa. Gordien alibaki amesimama, hajui aweke wapi mikono.

"Nilitaka kulala peke yangu, Gordien," Cassilde akasema. "Nifunge mulango. Ile tu."

"Najua, yaya."

"Haujui."

Gordien hakubisha. Alivua koti, akachuchumaa kwenye beseni, akaanza kuosha glasi alizoziacha dada yake. Cassilde alimtazama kwa muda, mgongo wake ule mwembamba. Kisha akapenga kamasi kwenye ncha ya kitenge, akamwambia azisuuze vizuri, ni za kanisa, na akimaliza aende barabarani kutafuta pikipiki, aulize kama iko mwenye kukubali kubeba kitanda hadi Mboko, kwa sababu hao watoto hawawezi kulala chini tena leo.